Justus von Liebig na Wanafunzi Wake katika Maabara ya Giessen

Mwanafunzi wa ualimu aghalabu hukutana na jina la Justus von Liebig katika somo la kilimo, penye sura ya mbolea na chakula cha mimea. Katika masomo ya malezi na mbinu za kufundishia hutajwa wengine: Pestalozzi, Froebel, Montessori, Dewey. Mgawanyo huo haumtendei haki, kwani kazi kubwa kupita zote aliyoifanya Liebig haikuwa mbolea. Ilikuwa ni namna ya kufundisha, iliyoanza katika nyumba ya walinzi wa kambi ya askari iliyoachwa, katika mji mdogo wa Giessen, kisha ikaenea katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Tena namna hiyo haikubuniwa na mwalimu peke yake. Wanafunzi walishiriki kuitengeneza siku hadi siku, na baadhi ya sehemu zake zilizo bora zilitoka mikononi mwao. Ndiyo sababu maisha yake yanafaa kusimuliwa mbele ya walimu, pamoja na kasoro zake, ambazo hazikuwa ndogo.

Alizaliwa Darmstadt tarehe 12 Mei 1803. Wakati huo Ujerumani haikuwa dola moja bali mkusanyiko wa dola nyingi, kubwa kwa ndogo, na Darmstadt ulikuwa mji mkuu wa mojawapo, yaani Hessen. Baba yake aliuza rangi na bidhaa nyingine za namna hiyo, na nyingi kati ya hizo alizichanganya mwenyewe katika karakana yake. Mtoto alimsaidia, akapenda kujua kwa nini vitu viwili visivyo na rangi vikichanganywa huzaa cha tatu chenye rangi. Maktaba ya mtawala ilikuwa inaazimisha vitabu kwa raia. Basi Justus alivichukua vitabu vya kemia kwa kufuata mpangilio wa rafu, kimoja baada ya kingine, bila ya mtu wa kumwelekeza lipi la kutangulia na lipi la kufuata. Kila jaribio lililokuwa ndani ya uwezo wake alilifanya, akalirudia mara nyingi hata akalijua kwa macho na kwa pua. Aliwatembelea watengeneza sabuni, watengeneza ngozi na watia rangi nguo, akawatazama kazini. Siku moja sokoni alimwona mchuuzi akitengeneza fataki kwa fedha iliyoyeyushwa katika asidi. Alikariri rangi ya mvuke na harufu ya kimiminika alichotumia mchuuzi yule, akarudi nyumbani akajaribu, akafaulu.

Shuleni mambo yalikuwa kinyume kabisa. Somo lililotukuzwa lilikuwa Kilatini na Kiyunani, na njia yake ilikuwa kukariri. Justus alikaa karibu na mkia wa darasa. Yeye mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba naibu wa mkuu wa shule alimkaripia mbele ya wenzake kwa uvivu wake, akamwuliza anafikiri atakuwa nani maishani. Mtoto akajibu kwamba atakuwa mkemia. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akacheka pamoja nao, kwa sababu katika siku zile hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba kemia ni kitu cha kusomea. Mwalimu mwanafunzi na alitafakari jambo hili. Mtoto aliyeweza kukumbuka rangi ya mvuke aliouona mara moja sokoni alihesabiwa shuleni kuwa hana kumbukumbu.

Aliiacha shule bila kuimaliza, akapelekwa Heppenheim ajifunze kazi katika duka la dawa. Huko hakukaa mwaka mzima. Hadithi iliyozoeleka husema alifukuzwa kwa kulipua chumba chake cha darini kwa majaribio ya fataki. Wanahistoria wengine hudhani kwamba sababu ilikuwa baba yake kukosa fedha za kumlipia. Vyovyote ilivyokuwa, alirudi nyumbani, akasaidia karakanani, na mwaka 1820 akapata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Bonn kumfuata Profesa Kastner, ambaye baba yake alifahamiana naye katika biashara. Kastner alipohamia Erlangen mwaka uliofuata, kijana alihama naye.

Hapa ndipo tunapoanza kuuona ufundishaji wa chuo kikuu ulivyokuwa. Kastner alikuwa mtu mwema, tena msemaji hodari. Alimwahidi Liebig kumfundisha namna ya kuchanganua madini, yaani kuyatenga hata ijulikane yameundwa na nini na kwa kiasi gani. Ahadi haikutimia, kwani Kastner mwenyewe hakuijua kazi hiyo sawasawa, wala hakuwa na maabara ya kuifanyia. Wanafunzi waliketi, profesa akasoma mhadhara, na pengine akaonyesha jaribio moja mezani huku wao wakitazama kwa mbali. Falsafa ya maumbile iliyokuwa ikivuma wakati ule ilimteka Liebig kwa muda. Baadaye aliijutia miaka ile, akaona kwamba alijazwa maneno makubwa yasiyo na kitu ndani. Mwaka 1822 palizuka fujo baina ya wanafunzi na watu wa mji wa Erlangen. Liebig alikuwamo, ikambidi aondoke mjini.

Ilikuwa heri kwake. Kwa msaada wa Kastner alipewa na mtawala wa Hessen fedha za kwenda kusoma Paris. Huko aliwakuta wanasayansi ambao mihadhara yao ilisimama juu ya majaribio na hesabu. Lakini hata Paris mwanafunzi wa kawaida alikuwa msikilizaji tu. Maabara zilikuwa mali ya wakubwa, na kuingia kulihitaji mtu wa kukushika mkono. Mwezi Julai 1823 kazi ya Liebig juu ya zile chumvi zinazolipuka, ambazo zilimshika tangu utotoni, ilisomwa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Miongoni mwa waliokuwapo alikuwa Alexander von Humboldt, msafiri mashuhuri, ambaye alivutiwa na kijana huyu wa miaka 20 akamtambulisha kwa Gay-Lussac. Naye Gay-Lussac alifanya jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya: alimkaribisha katika maabara yake binafsi, wakafanya kazi bega kwa bega juu ya swali ambalo hakuna kati yao aliyejua jibu lake. Liebig alisimulia kwamba kila walipofaulu katika hatua fulani, profesa alimshika wakacheza dansi kuizunguka meza.

Nadhani dansi ile ina uzito katika habari hii kuliko inavyoonekana. Liebig alikuwa amefundishwa kwa njia mbili. Katika ile ya kwanza mwalimu alijua, au alijifanya anajua, na mwanafunzi akanyamaza. Katika ya pili watu wawili walikuwa wanatafuta kitu kimoja, mmoja mwenye ujuzi mwingi na mmoja mwenye ujuzi mchache, na furaha yao ilikuwa moja. Alipopata madaraka alikuwa tayari amekwisha kuchagua.

Madaraka yenyewe yalikuja mapema. Humboldt alimwombea kwa mtawala wa Hessen, na mwezi Mei 1824 Liebig aliteuliwa profesa msaidizi huko Giessen, akiwa na miaka 21, bila ya chuo kikuu chenyewe kuulizwa. Tunaweza kuwaza jinsi wazee wa chuo walivyompokea. Mwaka uliofuata alithibitishwa kuwa profesa kamili. Alitaka kufungua shule ya wafamasia na wakemia ndani ya chuo kikuu, lakini baraza la chuo lilikataa, likiona kwamba si kazi ya chuo kikuu kufundisha watengeneza dawa. Basi yeye na wenzake wawili wakaianzisha kama shule yao binafsi, nje ya mpango rasmi, wanafunzi wakilipa ada. Maabara ilikuwa katika nyumba ya walinzi wa kambi iliyoachwa. Chumba cha kazi kilikuwa kimoja, meko yake ya mkaa katikati, na nafasi haikutosha zaidi ya wanafunzi wachache. Liebig, mkewe Henriette, na baadaye watoto wao, walikaa ghorofani katika jengo hilohilo. Vifaa vingi alivinunua kwa mshahara wake. Miaka karibu kumi ilipita katika hali hiyo, hata mwaka 1833 alipotishia kujiuzulu ndipo serikali ikaanza kuitunza maabara ipasavyo.

Sasa tuingie ndani tuone kazi ilivyokwenda.

Mwanafunzi mpya alikabidhiwa mfululizo wa chupa zilizoandikwa herufi za alfabeti. Ndani ya kila chupa mlikuwa na kitu asichokijua, na kazi yake ilikuwa kukitambua. Alianza na vilivyo rahisi akaendelea hadi vilivyochanganywa. Akimaliza hapo alijifunza kupima kiasi, kisha kutengeneza dawa na chumvi mbalimbali kwa mikono yake, na hatimaye alipewa swali lake mwenyewe ambalo halijajibiwa na mtu yeyote. Hao wanaoanza hawakufundishwa hasa na Liebig. Walifundishwa na wasaidizi, nao wasaidizi walikuwa wanafunzi waliotangulia. Msomaji asiwafananishe na viranja wetu wa darasa, ambao mara nyingi kazi yao ni kuandika majina ya wapiga kelele. Msaidizi wa Giessen alikuwa ameshika chupa zilezile mwaka mmoja au miwili kabla, na alikumbuka ni wapi mtu hukwama.

Waliofikia ngazi ya utafiti walishughulikiwa na Liebig mwenyewe, na kwa utaratibu ambao ndio kiini cha habari hii. Kila asubuhi alipokea kwa kila mmoja taarifa ya mambo mawili: jana alifanya nini, na leo anakusudia kufanya nini na kwa sababu gani. Liebig alikubali au alipinga. Hakumpangia mtu njia. Mwanafunzi alilazimika kuitafuta njia yake, na akikosea kosa likaonekana asubuhi iliyofuata. Taarifa hizo hazikuwa siri baina ya mwalimu na mmoja. Walifanya kazi pamoja katika chumba kimoja, kila mmoja akijua mwenzake anahangaika na nini, na Liebig mwenyewe alikiri kwamba walijifunza wao kwa wao. Wakati wa baridi, mara mbili kwa wiki, aliwapa mapitio ya maswali makubwa ya siku zile, na sehemu kubwa ya mapitio hayo ilitokana na kazi yake na yao, wakilinganisha na yaliyofanywa na wengine.

Tuone faida ya utaratibu huu kwa upande wa mwalimu, maana faida kwa mwanafunzi ni dhahiri. Mwalimu anayetoa mhadhara hujua alichokisema, ila hajui kilichosikika. Liebig alijua kila asubuhi ni kitu gani kilichoeleweka na kipi hakikueleweka, na kwa hiyo ufundishaji wake ulisahihishwa na wanafunzi kila siku bila ya yeyote kati yao kujiona anamsahihisha profesa. Maswali yao yaliamua jioni angezungumza nini. Kukwama kwao kuliamua kifaa gani kitengenezwe.

Kifaa kimoja yafaa kielezwe. Vitu vitokanavyo na viumbe hai, kama sukari, mafuta na asidi za matunda, vimeundwa zaidi kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Ili kujua kiasi cha kaboni ilibidi kukichoma kitu na kukamata hewa yote ya kaboni dayoksaidi inayotoka, kisha kupima ujazo wake. Kazi hiyo ilikuwa ya mafundi wakubwa, na uchanganuzi wa vitu vichache uliweza kula miezi mingi. Mwaka 1831 Liebig alitangaza kifaa chake kipya: bomba la kioo lenye vipira vitano vilivyounganishwa katika umbo la pembetatu, ndani yake mna maji ya potasi. Kitu kilichochanganywa na oksidi ya shaba kilichomwa katika bomba juu ya makaa. Mvuke wa maji ulinaswa kwanza na kloridi ya kalsiamu, na kaboni dayoksaidi ilipopita katika vile vipira ilinaswa na potasi. Kilichobaki ni kupima uzito kwa mizani kabla na baada. Basi. Mtu yeyote aliyejifunza kupuliza kioo aliweza kujitengenezea, na mwanafunzi mwangalifu alipata hesabu ya kutegemewa katika siku moja. Kifaa kile kilifanya utafiti wa kweli uwezekane kwa vijana wa miaka 20. Bila hicho taarifa za asubuhi zingekuwa maongezi tu.

Matokeo yao yalichapishwa katika jarida alilolihariri Liebig tangu mwaka 1832, na mara nyingi yalitoka kwa jina la mwanafunzi mwenyewe. Profesa mwingine angeweza kuyachukua yote kuwa yake, na katika zama zile wangapi wangemlaumu?

Vijana walifanya kazi toka alfajiri hadi usiku. Giessen haukuwa mji wa starehe. Inasimuliwa kwamba malalamiko pekee yaliyosikika yalitoka kwa Aubel, mtumishi wa maabara, ambaye jioni hakuweza kuwatoa watu ili apate kusafisha. Iko picha iliyochorwa na Wilhelm Trautschold yapata mwaka 1840, inayoonyesha chumba cha uchanganuzi katika jengo jipya lililoongezwa mwaka 1839. Vijana wamevaa kofia na makoti marefu, wamezunguka meza zenye rafu za chupa, kila mmoja ameshika kitu au anainamia kitu. Aubel yumo. Yumo pia Ortigosa, aliyetoka Meksiko. Profesa hayumo.

Na sasa habari ya kitabu. Mwaka 1841 alifika Giessen kijana aitwaye Carl Remigius Fresenius. Alikuwa ametoka Bonn, ambako aliona taabu ya kujifunza uchanganuzi pasipo mwongozo wenye mpango, basi akajiandikia wake kwa ajili ya mazoezi yake mwenyewe: uanze na jaribio gani, ukiona rangi hii uende wapi, ukiikosa uende wapi. Mwalimu wake wa Bonn alimshauri auchapishe. Giessen ilimpokea Fresenius pamoja na kitabu chake, ikamfanya msaidizi, na mwongozo ulioandikwa na mwanafunzi ukawa ndio unaofundishia wanafunzi. Liebig hakuona haya. Aliandika dibaji ya chapa ya pili. Kitabu kilichapishwa tena na tena katika karne ile, kikatafsiriwa katika lugha nyingi, na Fresenius akaenda kufungua shule yake ya maabara Wiesbaden mwaka 1848.

Kwa nini kitabu cha mwanafunzi kilifaa kuliko vya wakubwa? Jibu langu ni kwamba mtaalamu husahau hatua anazozipita. Aliyekwisha kujua kwamba mvua imekuja kwa kunusa upepo hawezi kumweleza mtoto alinusa nini. Fresenius aliandika wakati bado anakumbuka, kwa hiyo hakuruka hatua. Mwalimu wa darasa la pili anayemsikiliza mtoto aliyeelewa kutoa kwa kukopa juzi tu, akimweleza jirani yake, atasikia maneno ambayo hayamo katika kiongozi cha mwalimu.

Wengine walikuja Giessen kwa nia nyingine wakabadilika. August Wilhelm Hofmann alikuja kusoma sheria. Baba yake alikuwa mchoraji wa majengo, naye ndiye aliyelisimamia lile jengo jipya la maabara. August Kekulé alikuja mwaka 1847 kusomea ujenzi, akasikia mihadhara ya Liebig, akaacha ujenzi. Huyo ndiye aliyekuja kueleza namna chembe za kaboni zinavyoshikana, na nadhani ile elimu ya michoro ya majengo haikupotea bure. Kutoka Uingereza walikuja Playfair, Williamson na Frankland. Kutoka Ufaransa alikuja Wurtz. Kutoka Marekani Horsford, aliyerudi kwao na kuanzisha maabara ya kufundishia katika Chuo Kikuu cha Harvard. London ilipofungua chuo chake cha kemia mwaka 1845, Hofmann alipewa uongozi, akafundisha kwa utaratibu wa Giessen. Ilikuwa katika likizo ya mwaka 1856 ambapo mwanafunzi wake, William Perkin, mwenye miaka 18, akitafuta njia ya kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, alipata badala yake rangi ya zambarau ya kutia nguo, na kutokana nayo viwanda vya rangi vikazaliwa.

Lakini isisahauliwe ni nani hawakuwamo. Wanawake hawakuwa na ruhusa ya kujiandikisha. Wasio na ada hawakuweza kukaa, isipokuwa aliyepata mfadhili. Na ushirika wenyewe ulikuwa na mpaka: mwanafunzi alikuwa na sauti katika kazi yake na katika kuwafundisha wadogo, lakini hakuwa na kauli katika kuendesha shule.

Kuna doa jingine lililo zito zaidi. Liebig aliyapenda maswali ya wanafunzi wakiwa mezani kwake, ila hakuyavumilia vivyo hivyo walipokwisha kusimama peke yao. Hasira yake ilijulikana Ulaya nzima. Rafiki yake Friedrich Wöhler, ambaye urafiki wao ulianza kwa kutofautiana juu ya matokeo ya uchanganuzi, alimsihi mara nyingi aache ugomvi wa magazetini, na mara chache alifaulu. Gerhardt, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alishambuliwa vikali katikati ya miaka ya 1840.

Kisa cha mbolea ndicho kinachofundisha zaidi. Mwaka 1840 Liebig alitoa kitabu juu ya kemia na kilimo, akieleza kwamba mmea hujilisha kwa madini ya udongo pamoja na vitu vya hewani, na kwamba mavuno huzuiliwa na kile chakula kilichopungua kuliko vyote, hata vingine vikiwa tele. Kanuni hiyo ya mwisho ilikuwa imekwisha kutamkwa na Carl Sprengel. Liebig aliieneza hata ikajulikana kwa jina lake. Mambo mengi alipatia, lakini alishikilia kwamba mkulima hana haja kubwa ya kutia nitrojeni, kwa kuwa hewa na mvua vinaleta ya kutosha. Mbolea yake iliyouzwa Uingereza tangu 1845 ilishindwa, kwani aliitengeneza isiyeyuke upesi ili mvua isiichukue, na mimea nayo ikashindwa kuinyonya. Wakati huohuo, katika shamba la Rothamsted nchini Uingereza, majaribio yaliyoanza mwaka 1843 yalionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba ngano isiyopewa nitrojeni hupungua. Waliofanya majaribio hayo walikuwa John Lawes, mwenye shamba, na mkemia wake Joseph Henry Gilbert. Gilbert alikuwa amepata shahada yake ya udaktari Giessen mwaka 1840.

Maana yake ni kwamba mwanafunzi alikuwa anampa mwalimu wake taarifa ya asubuhi: tumefanya hivi, tumeona hivi, tunakusudia hivi. Liebig aliijibu kwa matusi. Katika vitabu na makala za miaka ya 1850 aliwadharau Lawes na Gilbert kana kwamba hawakujua kusoma mizani. Baadaye alikubali kosa lake la ile mbolea isiyoyeyuka, na kukubali huko kuna heshima yake. Lakini juu ya nitrojeni ugomvi haukuisha. Gilbert aliendelea kupima ngano kwa utulivu kwa zaidi ya nusu karne, kwa uangalifu aliojifunza Giessen, na majaribio yale ya Rothamsted yanaendelea hata leo.

Hata katika maabara yenyewe mambo yalikuwa yamebadilika. Wanafunzi walipozidi kuongezeka, Liebig hakuweza tena kuwasikiliza wote. Wale wanaoanza waliwekwa chini ya Heinrich Will, mwanafunzi na msaidizi wake wa zamani. Yeye akazama katika kuandika vitabu, kusafiri na kugombana. Usingizi ulimpaa na afya ikamtatiza. Mwaka 1845 alipewa cheo cha ubwana. Mwaka 1852 Mfalme Maximilian II wa Bavaria alimwita München, naye akakubali kwa sharti moja ambalo litamshangaza msomaji aliyefuata habari hii mpaka hapa: asilazimishwe kuwafundisha wanafunzi katika maabara. Alibaki na mihadhara, iliyohudhuriwa na watu wa kila tabaka, pamoja na jamaa ya mfalme. Mtu aliyefundisha dunia kwamba kemia haijifunzwi kwa kuketi na kusikiliza alimalizia miaka yake zaidi ya 20 mbele ya watu walioketi na kusikiliza. Alikuwa amechoka, na kazi ya kusikiliza taarifa za watu wengi kila asubuhi, kwa miaka 28, si kazi ya mchezo. Anayedhani kwamba njia ya kuwashirikisha wanafunzi humpunguzia mwalimu mzigo bado hajaijaribu.

Miaka ya München ilikuwa na shughuli nyingine pia, kama vile dondoo la nyama lililouzwa kwa jina lake na chakula cha watoto wachanga aliokosa maziwa ya mama, lakini hayo hayahusiani sana na madhumuni yetu.

Alifariki München tarehe 18 Aprili 1873. Siku hiyo Hofmann alikuwa anafundisha Berlin, Kekulé Bonn, Wurtz Paris, Frankland na Williamson London, na Fresenius Wiesbaden. Huko Giessen kiti cha profesa wa kemia kilikuwa bado cha Heinrich Will, yule aliyeachiwa wanaoanza.